Nyimbo za tiketi: Kiyidish cha Second Avenue (hotuba yangu kwa wadau wa muziki, nimeiandika kama nilivyoongea)

Habari za jioni wadau. Mwenyekiti asante kwa utambulisho ingawa umenipamba kupita kiasi, mimi ni mpenzi tu wa santuri za zamani, sio profesa, kwa hiyo mkiona natoka nje ya mstari nivuteni shati.

Mada tuliyopewa ni muziki wa wahamiaji, na najua wengi mmekuja mkitegemea nitaongelea wanamuziki wa Kongo walivyoingia Dar na Nairobi miaka ya 70. Hiyo stori ni tamu lakini humu ndani wapo wazee walioicheza wenyewe jukwaani, nikianza kuwasimulia mimi itakuwa namfundisha mvuvi kuogelea. Leo twende New York, kule Manhattan chini upande wa mashariki, kwa Wayahudi waliokuwa wanaongea Kiyidish, tuangalie nyimbo zao za tamthilia na za mtaani kuanzia kama 1880 hivi mpaka vita kuu ya pili.

Kwa nini hao? Kwa sababu ya ugomvi wetu wa kila siku, ule wa huyu anafanya sanaa yule anafanya biashara, nyimbo za sasa zinatungwa Jumatatu Ijumaa zimeshasahaulika na kadhalika. Mimi nina jibu langu na nitalisema mapema ili anayetaka kuondoka aondoke nalo: ukweli wa maisha ya wale wahamiaji umehifadhiwa zaidi kwenye nyimbo za kuuza kuliko kwenye mashairi ya wasomi wao. Yaani nyimbo za tiketi. Mtu alizitunga wiki hii ili ukumbi ujae wiki ijayo, basi. Mfano mdogo tu, ukienda harusi ya Kiyahudi popote duniani utasikia "Khosn Kale Mazl Tov", watu wanaruka, wazee wanapiga makofi, na ukiwauliza watakwambia huo ni wa tangu enzi za mababu. Wala. Umetoka kwenye mchezo wa kuimba jukwaani (operetta) wa New York wa mwaka 1909, na anayetajwa kuutunga ni Sigmund Mogulesko, mchekeshaji wa jukwaani aliyekuwa anaishi kwa kuuza tiketi.

Haya, turudi nyuma kidogo tuwajue wenyewe. Kiyidish ni lugha iliyozaliwa Ulaya, mifupa yake Kijerumani, ndani kuna Kiebrania kingi na maneno ya kutoka Kipolandi na Kirusi na jirani zao, na huandikwa kwa herufi za Kiebrania, kulia kwenda kushoto. Wasomi wao wengi waliiona ni lugha ya akina mama na ya watu wasiosoma. Waliokuwa wanaiongea walikuwa mamilioni, wengi chini ya utawala wa mfalme wa Urusi, wamebanwa kwenye majimbo maalumu, hawaruhusiwi kuishi kokote wanakotaka. Mwaka 1881 mfalme Alexander wa Pili akauawa, yakafuata mashambulizi ya makundi dhidi ya Wayahudi, nyumba zinavunjwa, maduka yanaporwa, watu wanauawa, na kuanzia hapo mpaka 1924 zaidi ya watu milioni 2 walipanda meli wakaenda Marekani.

Na hapa niwaibie dakika moja maana hii inatuhusu. Mwaka 1903 yalitokea mauaji mabaya sana ya Wayahudi mji wa Kishinev, na mwaka huohuo serikali ya Uingereza ikatoa wazo la kuwapa Wayahudi ardhi huku kwetu, kwenye nyanda za Uasin Gishu, kule Eldoret ya leo. Watu wanauita mpango wa Uganda kwa kuwa hiyo sehemu kabla ya 1902 ilihesabiwa Uganda. Mkutano mkuu wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliokuwa wanatafuta nchi yao, pale Basel Uswisi uligawanyika vibaya, wengine walitoka nje wakilia, wakatuma tume ije kuangalia ardhi, na 1905 wakakataa. (Mzee mmoja wa Eldoret alikuwa kwenye viti vya nyuma, alicheka sana hapa.) Sasa fikiria, hawa ninaowazungumzia leo ni watu wa damu ileile, wa miaka ileile, ila wao hawakusubiri mkutano, walikata tiketi ya meli.

Tamthilia yenyewe haikuanzia Marekani. Ilianza kwenye bustani ya kuuza mvinyo, mji wa Iași nchini Romania, mwaka 1876, na aliyeianzisha ni Abraham Goldfaden. Huyu bwana alikuwa mshairi, alishajaribu magazeti yakafa, na inasimuliwa alipopanda jukwaani mara ya kwanza alivaa suti ya heshima na glovu akasoma mashairi yake mazito, watu wakamzomea. Walikuja kunywa bwana! Palikuwa na waimbaji wa kwenye baa waliokuwa wanavaa nguo za kuigiza na kuimba vichekesho, ndio akawachukua hao akawaunganishia kisa katikati ya nyimbo, na hapo tamthilia ya Kiyidish ikapata kichwa na miguu. Na mjue kitu kimoja, Goldfaden noti za muziki hakuwa anaziandika. Alichota tuni sinagogi, akachota opera za Kitaliano na nyimbo za wenyeji wa Romania, akazikoroga. Leo tungemwita mwizi wa biti. Lakini ndiye aliyetuachia "Rozhinkes mit Mandlen", ule wimbo wa kubembelezea mtoto, wa zabibu kavu na lozi, aliouweka kwenye mchezo wake wa Shulamis, mama anambembeleza mtoto na kumwambia akikua atakuwa mfanyabiashara, atauza zabibu kavu na lozi. Shikilieni hizo zabibu, nitazirudia.

Mwaka 1883 serikali ya Urusi ikapiga marufuku tamthilia za Kiyidish. Waigizaji wakatawanyika, wengi London, kisha New York. Ila New York walishatanguliwa na kijana mmoja mdogo mdogo anaitwa Boris Thomashefsky, mfanyakazi wa kiwanda cha sigara. Pale kiwandani wenzake walikuwa wakisokota sigara huku wanaimba nyimbo za Goldfaden, kijana akazipenda hajawahi hata kuona mchezo wenyewe, akamshawishi mwenye baa mmoja atoe hela kuwaleta waigizaji kutoka London, na mwaka 1882 wakafanya shoo ya kwanza. Shoo ilikwenda ovyo. Thomashefsky mwenyewe aliandika baadaye kwamba matajiri wa Kiyahudi waliotangulia Marekani, wenye asili ya Ujerumani, waliona aibu wenzao wanaigiza kwa lugha ya kishamba hivyo, wakamhonga mwimbaji mkuu wa kike asitokee. Kama ni kweli yote au kaongeza chumvi mimi simo, waigizaji mnawajua. Ila aibu ile ilikuwepo kweli, ya ndugu aliyefika mjini kwanza kumwonea haya ndugu aliyeshuka jana.

Miaka 30 baadaye huyo mtoto wa kiwanda cha sigara ni staa, wanawake wanazimia, na pale mtaa wa Second Avenue, hukohuko Manhattan chini, kuna majumba ya maonyesho yaliyojengwa mahsusi kwa ajili ya Kiyidish. Second Avenue Theatre 1911, National Theatre 1912. Kwenye kona ya mtaa wa 12 kuna Café Royal, ndio kijiwe, waigizaji, watunzi, waandishi wa magazeti wote wanakaa hapo wanakunywa chai na kusengenyana.

Sasa bizinesi ilikuwaje, maana hapa ndipo wanamuziki wenzangu mnatakiwa kufungua masikio. Wikiendi jumba lilikuwa la staa, anaweka mchezo wake mpya. Siku za katikati ya wiki, ambazo kwetu sisi ukumbi unakuwa na paka na mlinzi, wao waliuuza ukumbi mzima kwa bei ya jumla kwa vyama. Kila kijiji cha kule Ulaya kilikuwa na chama chake New York, watu wa kwao waliochanga kwa ajili ya mgonjwa, mjane, makaburi, yaani vyama vya kuzikana kama tulivyonavyo. Chama kinanunua ukumbi, kinawauzia wanachama tiketi kwa bei ya juu kidogo, faida inaingia kwenye mfuko. Vyama vya wafanyakazi pia hivyohivyo. Kwa hiyo unapata ukumbi umejaa watu wanaojuana kutoka nyumbani, wameleta watoto, wameleta chakula, wanapiga stori, wanamfokea mwigizaji anayemtesa mama yake kwenye mchezo. Mashabiki walikuwa na timu zao za mastaa, wa Adler, wa Thomashefsky, wa Kessler, na walipigana ngumi kabisa. Mbele ya watu wa namna hiyo wimbo mbovu unajulikana hapohapo.

Na wimbo ukikubalika stejini, kesho unatafutwa dukani. Siku hizo hela ilikuwa kwenye karatasi za noti, unanunua unaenda kupiga nyumbani, maana watu walikopa piano kwa malipo ya kidogo kidogo hata kama wanalala sita chumba kimoja. (Familia ya Gershwin ilinunua piano karibu mwaka 1910 ili Ira ajifunze, akaikalia mdogo wake George, aliyekuja kuwa mtunzi mkubwa wa Marekani, mengine mnayajua.) Mimi napenda sana kuangalia hizo karatasi, zimehifadhiwa nyingi kwenye maktaba kuu ya taifa kule Washington, unaweza kuziona mtandaoni. Juu picha ya staa, masharubu yamenyooshwa. Ndani sasa ndio kuna kichekesho: noti za muziki zinakwenda kushoto kuelekea kulia, Kiyidish kinakwenda kulia kuelekea kushoto, utawekaje maneno chini ya noti? Wachapishaji wakaamua chini ya noti maneno yaandikwe kwa herufi za kilatini, kila silabi chini ya noti yake, halafu mashairi kamili wakayachapa pembeni kwa herufi zao wenyewe. Kwa hiyo karatasi moja ina lugha moja imeandikwa kwa njia mbili, na matangazo ya Kiingereza juu yake.

Halafu spidi. Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua, milango imefungwa, wafanyakazi 146 wakafa, wengi wasichana wa Kiyahudi na wa Kitaliano, wengine walijirusha kutoka ghorofa ya 9. Mwaka huohuo wimbo wa maombolezo ukawa umeshatoka, muziki wa Joseph Rumshinsky, maneno ya Anshel Schorr. Aprili 1912 Titanic ikazama, mwaka huohuo Solomon Smulewitz katoa wake, na kwenye jalada wamechorwa mzee Isidor Straus na mkewe Ida wamekumbatiana, wale matajiri ambao mama alikataa kupanda boti ya kuokolea kwa sababu hakutaka kumwacha mumewe. Unaweza kusema hawa jamaa walikuwa wanakula kwenye misiba ya watu. Ndio, walikula. Lakini mtu aliyekuwa hajui kusoma gazeti alilia kwa wimbo, na sisi leo tunajua nini kilimuuma.

Huyohuyo Smulewitz ndiye mwenye wimbo ambao mimi kila nikiusikiliza nanyamaza. "A Brivele der Mamen", mwaka 1907, barua ndogo kwa mama. Ubeti wa kwanza mama yuko bandarini anamuaga mwanawe anayekwenda Amerika, haombi pesa, haombi zawadi, anaomba kila wiki barua tu, usichelewe mwanangu, mpe mama hiyo furaha. Ubeti wa pili ni mwaka wa nane, mama yuko peke yake, ameandika barua ngapi, jibu hakuna, hajui kijana ni mgonjwa au amekufa au vipi. Ubeti wa tatu kamera inahamia New York, nyumba nzuri ya kitajiri, mke mzuri, watoto, jamaa ana raha zake, na siku hiyo sasa barua inaingia, tena sio aliyoandika yeye. Mama amefariki, na ombi lake la mwisho ni kwamba mwanawe amsomee ile sala ya marehemu.

Mnaona alichofanya? Hakumtukana kijana hata neno moja. Na fikiria ulivyokuwa unaimbwa, ukumbini wamekaa watu elfu na kitu na kila mmoja ana mama huko Pinsk au Minsk, na wengi barua ya mwisho waliandika lini hawakumbuki. Mtunzi amewapiga wateja wake mwenyewe! Na wateja wakanunua, tena sana, mpaka 1938 ikatengenezwa sinema Poland kwa jina hilohilo. Msomi asingethubutu kuwaambia hivyo, angehofia wataondoka. Muuza tiketi alijua wanataka kulizwa kwa kitu wanachokijua. Na sisi tulio na ndugu ughaibuni, na wale wa ughaibuni mtakaoisoma hii baadaye, simu mnazo mikononi, nisiseme zaidi.

Wasomi nao walikuwa na wao nisiwaonee. Morris Rosenfeld alikuwa fundi kwenye karakana za nguo, zile za kushona kuanzia alfajiri mpaka usiku chumba hakina hewa, na shairi lake la 1887 "Mayn Yingele" ni baba anayelalamika ana mtoto wa kiume mzuri lakini hamjui, akitoka mtoto amelala, akirudi mtoto amelala. Hili lilipata tuni likaimbwa kiwandani kwenyewe. Kwa hiyo ukiniambia "msomi" Rosenfeld nitakwambia alikuwa fundi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikaja "Di Grine Kuzine", muziki wa Abe Schwartz, maneno wanampa Hyman Prizant ingawa na mwingine naye alidai ni yake. Huu ni wimbo wa kucheza kabisa, klarineti inachekesha, ukisikia bila kuelewa unadhani ni furaha tupu. Msimuliaji anapokea binamu yake ametoka Ulaya juzi, mashavu mekundu kama machungwa, miguu inaomba kucheza, hatembei anaruka, haongei anaimba. Anamtafutia kazi kwa jirani mwenye duka la kofia. Idumu nchi ya dhahabu! Miaka inakwenda, binamu anapokea mshahara wiki baada ya wiki mpaka mwenyewe ameisha, chini ya macho yale ya buluu kuna mistari myeusi, mashavu yamekauka, na ukimuuliza siku hizi hujambo binamu anakujibu iungue hii nchi ya Columbus. Na muziki bado unachezeka! Ubeti wa mwisho watu wanacheza uleule mwendo wa ubeti wa kwanza. Mtu akiniuliza wimbo upi mmoja ueleze uhamiaji nitampa huu, na ulikuwa hiti ya dansi, ulilipiwa na wasichana wa viwanda vyenyewe.

Haya wakati nao ni mchache, nirukie kwenye hela maana najua ndilo linalowawasha.

Jacob Sandler mwaka 1896 alitunga "Eli, Eli" kwa ajili ya mchezo pale mtaa wa Bowery, New York, wimbo wa kilio kutoka Zaburi. Mchezo ukafa, wimbo ukaishi, ukasambaa, waimbaji wakubwa wa sinagogi na wa opera wanaurekodi, kila mtu anadhani ni wa kale hauna mwenyewe. Sandler alipokuja kwenda mahakamani, 1925 hiyo, alishachelewa, hakupata kitu.

Lakini Sholom Secunda ndio kiboko. Secunda alikuwa amesomea muziki kweli, na inasimuliwa kwamba Thomashefsky aliwahi kutaka kumuunganisha na kijana George Gershwin watunge pamoja, Secunda akakataa akiona huyu dogo hajui muziki wa kusoma. Sawa. Mwaka 1932 Secunda na mtunzi wa maneno Jacob Jacobs wakatoa wimbo kwenye mchezo mmoja Brooklyn, "Bay Mir Bistu Sheyn", kwangu wewe ni mrembo, akaimba Aaron Lebedeff. Watu waliupenda lakini msimu ukaisha mchezo ukafungwa. Miaka mitano baadaye, 1937, wakaiuza haki yote kwa kampuni ya kuchapa muziki ya ndugu wa Kammen kwa dola 30. Thelathini. Wakagawana, kumi na tano wewe kumi na tano mimi.

Sasa sikilizeni ulikopita. Sammy Cahn, kijana mtunzi, anakwenda Apollo Theater pale Harlem, mtaa wa watu weusi New York, anakuta waimbaji wawili weusi wanaupiga kwa Kiyidish, na ukumbi wa watu weusi watupu unataka kupasuka kwa shangwe. Cahn akajisemea kama hawa hawaelewi hata neno na wanafurahi hivi, je wakielewa? Yeye na Saul Chaplin wakatia maneno ya Kiingereza, wakapewa dada watatu kutoka Minnesota, Andrews Sisters, baba Mgiriki mama ana asili ya Norway, hawana hata tone la Uyahudi, wakarekodi Novemba 1937. 1938 dunia nzima inaimba. Mabilionea hawakuwa wengi siku hizo lakini huo wimbo peke yake unakadiriwa ulizalisha kama dola milioni 3 kwa miaka yote hiyo, na Secunda ana zile kumi na tano zake ambazo nadhani alishazila wiki ileile. Inasimuliwa mama yake aliamini Mungu anamwadhibu kwa dhambi fulani, akawa anakwenda sinagogi kuomba toba. Haki zilirudi kwake mwaka 1961, baada ya miaka 28 ya kwanza ya kopiraiti kwisha, hapo alikuwa na miaka 60 na kitu.

(Hapa paliibuka mjadala mkali, bwana mmoja mpiga besi akasema yeye aliuza albamu nzima kwa nauli ya kurudi nyumbani, tukacheka lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha kichungu. Mwanasheria aliyekuwepo akasema wasanii wakija kwake na mkataba huwa wameshasaini. Tuliendelea baada ya dakika kumi hivi.)

Sasa mjue kwamba Secunda hakuibiwa kisheria, alisaini. Watunzi wa Second Avenue waliona nyimbo zao kama magazeti, leo zinauzwa kesho zinafungia samaki, ndio maana hakushika. Thamani aliiona msikilizaji wa Harlem kabla mwenye mali hajaiona. Mimi hili ndilo linaniumiza kuliko hizo dola.

Kulikuwa na wanawake pia na siwatendei haki kwa muda huu. Molly Picon, kimo kama cha mtoto, anaigiza mvulana, anapiga fidla na sarakasi, mwaka 1936 akaenda Poland kucheza sinema ya Yidl mitn Fidl kwa muziki wa Abraham Ellstein, na ndiye aliyeandika maneno ya "Abi Gezunt", bora uzima, ambayo kila bibi wa Kiyahudi anayo kinywani. Na mwimbaji Isa Kremer, ambaye kwa ajili yake mtunzi Olshanetsky na yule Jacobs wa maneno walitunga ule wimbo wa kijiji cha Belz mwaka 1932. Mtafuteni Picon YouTube mkifika nyumbani, mtacheka.

Vita ikaja. Nitapita haraka maana hapa mtu anaweza kukaa usiku kucha. Herman Yablokoff alikuwa na wimbo "Papirosn", yatima anauza sigara mtaani usiku wa mvua, aliuimba redioni New York mwaka 1932, watu wakaupenda mno, na ulivuka bahari kurudi Ulaya. Ndani ya maghetto ambako Wanazi waliwafungia Wayahudi, watu walichukua tuni hiyohiyo ya redio wakatia maneno mapya ya njaa yao na ya waliochukuliwa. Na zile zabibu na lozi za Goldfaden nilizowaambia mshikilie? Kwenye gheto la Łódź, Isaiah Shpigl na mwanamuziki Dovid Beyglman wakatunga wimbo wa kubembelezea mtoto wa kujibu ule wa kwanza, hakuna zabibu, hakuna lozi, baba hajakwenda kuuza biashara, baba ametuacha na hajulikani alipo. Walichukua wimbo wa tiketi kwa sababu ndio kila mtu alikuwa anaujua. Wayahudi milioni 6 waliuawa, wengi wao lugha yao ilikuwa hiyo. Mwaka 1947 Yablokoff akafunga safari kwenda kwenye kambi za manusura Ujerumani, Austria na Italia, akawaimbia.

Marekani nako mlango ulikuwa umeshafungwa na sheria ya 1924, wageni wapya hawaji, watoto wanaongea Kiingereza, mmoja mmoja kumbi zikawa sinema.

Kuna swali limekuja kwa karatasi, "je Kiyidish kimekufa?" Hapana. Nenda Brooklyn leo, Wayahudi wa Kihasidi, wale wanaoshika dini sana, wanakiongea dukani na nyumbani, watoto wanagombana kwa Kiyidish barabarani. Kichekesho ni kwamba hao ndio hawaingii kabisa kwenye majumba ya maonyesho, mwanamke kuimba mbele ya wanaume kwao ni mwiko. Wanaoziimba nyimbo za Second Avenue leo ni wengine, wengi walijifunza lugha ukubwani. Na kundi la tamthilia la Folksbiene lililoanza 1915 lipo mpaka leo, linaweka maandishi ya Kiingereza juu ya steji ili watu wafuate.

Tumalizie kwa kusikiliza. Tunaanza na Lebedeff, "Rumania, Rumania". Anaanza polepole kama analia, baadaye anachanganya kasi anataja vyakula vya nyumbani, na cha kwanza anachokitaja ni mamaliga. Mamaliga ni ugali wa mahindi, ndio, huuhuu. Mtu yuko New York anaulilia ugali! Fundi, ongeza sauti kidogo, na nyie wapiga ngoma msikilize anavyopandisha mwendo mpaka maneno yanamwishia anabaki na milio tu ya mdomo.